Sifuri Wakati wa Mvua

Shi-keng, Miaoli
9 Machi

Mwanangu Jo-han,

Sisi huku ni wazima, na kama na wewe huko Fukuoka ni mzima basi nusu ya barua imeshaandikwa. Masikio yangu ni yale yale, niliyaacha kwenye mashine za kiwanda cha chai. Ana kwa ana nasoma midomo, lakini ukinipigia simu nasikia nyuki tu, kwa hiyo tuendelee na karatasi. Isitoshe mwalimu wa shule yetu ya watu wazima anasema mwandiko wangu umenyooka kuliko wa darasa zima, nami siwezi kumbishia mwalimu.

Kuku wawili wanaatamia. Mama yako mdogo wa Toufen ametiwa meno mapya, sasa anacheka hata msibani. Jumapili iliyopita ukoo wote wa Peng tulisafisha makaburi. Nilimpelekea baba yako kuku mzima na chai, nikamweleza habari zako kwa sauti, na wote wenye masikio wakanufaika.

Sasa kaa chini, nikupe habari yenyewe. Mwenyekiti Tseng ameiweka ile programu yenu ya mvua kwenye kompyuta ya ofisi ya kijiji! Kipima mvua kiko juu kwenye mteremko, kila dakika kumi kinaleta hesabu yake. Mvua ikizidi kiwango, king'ora kinalia, sote tunakimbilia shuleni kabla mlima haujatushukia. Nilikwenda kuiona. Tseng akabonyezabonyeza, ikatokea orodha ya walioiandika, nani kabadilisha nini, siku gani. Na juu kabisa, jina la kwanza, Peng Jo-han! Nikamwambia, "Lichapishe." Akasema, "Bi Fan, wino ni wa serikali." Nikamwambia, "Na mtoto ni wangu. Chapisha."

Sasa umetundikwa ukutani kando ya picha ya baba yako. Jina lako, na chini yake maneno yako mwenyewe: "Kipima kikinyamaza, isomeke sifuri." Sijui maana yake, lakini yanapendeza.

Jirani yetu Hsu alikuja kuona. Unamjua, bila kumtaja mwanawe daktari wa meno wa Taichung hawezi kuomba hata chumvi. Akasema, "Kumbe ni karatasi tu." Nikamjibu, "Mwanao anachungulia mdomo mmoja mmoja. Wangu anachungulia mlima mzima kwa mpigo." Akaondoka chai ikiwa bado moto.

Wakaniuliza, watu wengi hivyo wanaandikaje programu moja bila kugombana. Nikawaambia ni kama kitabu cha ukoo wetu. Kila tawi la Peng lina nakala nzima nyumbani, toka babu wa kwanza. Mtoto akizaliwa, tawi linaandika kwenye nakala yake, na siku ya makaburi tunakutana tunalinganisha, kila mmoja anapokea kurasa za mwenzake. Nimeeleza vizuri? Mwalimu alipiga makofi.

Kula vizuri. Samaki mbichi usizidishe.

Mama yako,
Fan Kuei-mei


Fukuoka
24 Machi

Mama yangu,

Barua imefika na harufu ya moshi wa jikoni, nikaishika muda mrefu kabla ya kuifungua. Mimi ni mzima. Miti inaanza kuchanua hapa, na kazini wananitendea vyema. Mpelekee mama mdogo pongezi za meno.

Umeeleza vizuri kuliko mimi ninavyowaeleza wageni kazini. Ni kitabu cha ukoo kabisa.

Nina swali dogo, ni udadisi tu. Mwenyekiti Tseng aliichukua nakala yake siku gani? Ukienda tena ofisini, utaona karibu na jina langu namba ndefu yenye herufi ndani yake. Kila ukurasa wa programu una namba yake kama alama ya kidole, haifanani na nyingine. Naomba uninakilie. Ninayoihitaji ni ile ya juu kabisa, inayoonyesha nakala yao imeishia ukurasa gani. Usimsumbue Tseng kwa maelezo. Sema ni kumbukumbu yangu.

Ile karatasi ya ukutani, ingekuwa vyema uishushe kwa sasa. Jua litaichakaza.

Wako,
Jo-han


Shi-keng
11 Aprili

Mwanangu,

Huku kumetulia, ila mvua za plamu, zile za kila Mei, zinanukia mapema. Kifaranga mmoja ana miguu iliyopinda lakini anatembea kwa kiburi, nimempa jina la Hsu.

Namba yako hii hapa. Nimeketi mbele ya ile skrini na miwani miwili, nikaandika herufi moja moja, mwisho nikahakiki kwa kurudi nyuma kama tunavyofundishwa. Inaanza e07b4d1, nyingine zote ziko nyuma ya karatasi hii. Zimo arobaini kamili. Tseng anasema nakala ameichukua mwishoni mwa Januari, siku mbili baada ya wewe kuandika ukurasa wako. Ndiyo maana uko juu! Nimemwambia, "Ulingoja mwanangu amalize."

Jambo moja. Kila asubuhi mashine inatafuta kurasa mpya, na kila asubuhi unatokea mstari mwekundu chini ya skrini. Nimeusoma: "Historia hazilingani. Imekataa kupokea." Nikamuuliza Tseng, "Hii nini?" Akasema, "Hiyo ni homa tu, Bi Fan." Akaleta pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, akaisimamisha mbele ya skrini, kama wanavyofanya hospitali na benki ili mashine zitulie. Niliikagua, ni ya kijani kweli, wala haijapita tarehe. Lakini ameiweka mahali ambapo inaficha mstari wenyewe, basi sasa hauonekani.

Karatasi yako haina jua pale, iko kivulini. Sishushi.

Mama


Fukuoka
27 Aprili

Mama,

Asante kwa namba. Umenakili bila kosa hata moja.

Nimefikiria. Ingekuwa vizuri uende ukakae Toufen kwa mama mdogo tangu Mei mpaka tufani ziishe. Ana chumba. Kuku tutampa mtu. Kiuno chako kinahitaji mapumziko, na huko kuna zahanati karibu.

Tafadhali, Mama. Usibishe mara hii.

Jo-han


Shi-keng
20 Mei

Mwanangu,

Hujauliza habari za mtu yeyote, kwa hiyo nami sikupi, ila ujue kwamba maua meupe ya miti ya tung yameanguka njiani kote na plamu ziko mitini zinangoja mikono yangu. Kiuno changu kilimbeba baba yako miaka miwili akiwa mgonjwa. Leo ndiyo kimechoka?

Umeniuliza tarehe. Umeniuliza namba. Umeniambia nishushe karatasi. Sasa unataka nihame mlima. Kuhusu mstari mwekundu niliokuandikia, hukusema neno hata moja. Mimi nimeanza kusoma nikiwa na miaka hamsini na minane, lakini watu nimewasoma tangu utotoni, na wewe nilikusoma kabla hujazaliwa. Ulipovunja bakuli la bibi yako ulikuja kuniuliza kama nimechoka, kama nataka nikandwe mabega.

Nikukumbushe babu yako mdogo, A-tung. Aliuza shamba la kaburi la mama yake, mzee wa ukoo akaliandika kitabuni. A-tung akaingia kwenye ukumbi wa ukoo akauchana ule ukurasa, akaubandika mpya uliokaa vizuri, akasema wa zamani uliliwa na panya. Walimwamini. Mpaka siku ya makaburi walipokuja wa tawi la Hsinpu na nakala yao. Kurasa hazikulingana tena. Ukoo uligawanyika miaka kumi na mmoja, hata mizimu haikujua ikale wapi. Na shamba lilishasahaulika zamani, walichogombania ni ule uchanaji.

Jo-han, umechana nini?

Mama yako


Fukuoka
5 Juni

Mama yangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Natumaini u mzima, na Kifaranga Hsu pia.

Januari niliandika ukurasa ule. Vijiji vililalamika kwamba betri ya kipima ikiisha, king'ora kinalia bure, watu wanakimbia na nguo za kulalia. Nikaandika kwamba kipima kikinyamaza, mashine isome sifuri. Wenzangu wawili walipitia wakakubali. Nilifurahi. Mwezi uliofuata nilikuwa naosha vyombo tu, maji yakifurika kwenye sinki, ndipo nilipoona. Kipima kinanyamaza lini hasa? Kinanyamaza mvua inapokuwa kubwa mno. Kinapojaa matope, au mteremko unapoanza kusogea nacho. Yaani saa ile mlima unaposhuka, mashine yangu inasema hakuna mvua.

Ningeandika ukurasa wa pili wa kusahihisha, jambo la dakika ishirini, nikawaambia wote: nilikosea, chukueni huu. Hivyo ndivyo tunavyofanya, hakuna anayekula mtu. Programu tunaiandika kwa kujitolea, lakini kampuni hii iliniajiri kwa sababu ya orodha ile ile uliyoiona. Wanaisoma. Na mwezi huo Mzee Ku, anayelinda nakala kuu, alikuwa amenikabidhi funguo pamoja naye. Nikaona aibu. Nikautoa ukurasa wangu kabisa, nikazishona kurasa zilizofuata kana kwamba haukuwahi kuwapo, nikazisukuma kwa nguvu juu ya nakala kuu. Wenzangu nikawaambia nimefanya usafi, wachukue nakala upya. Wakaniamini.

Lakini vijiji havikuambiwa. Mtu yeyote anaweza kuchukua nakala bila kuaga, ndio uzuri wa kazi yetu, na sasa ndio unaoninyima usingizi. Walioichukua ukurasa wangu ungalimo, historia yao hailingani na yetu. Mashine zao zinakataa kurasa zote mpya tangu siku hiyo. Huo ndio mstari mwekundu. Namba uliyoninakilia ni ya ukurasa wangu, Mama. Shi-keng mmekwama juu yake. Na sijui ni vijiji vingapi vingine.

Nipe muda kidogo. Katikati ya Julai waandishi wa programu tuna mkutano, nitasema ana kwa ana. Usimwambie Tseng bado. Najua ninachoomba.

Lakini shika hili kama hirizi: skrini ikisema sifuri na wewe unaona mvua, usiiamini. Amini miguu yako. Toka, nenda shuleni, usingoje king'ora.

Binti yako


Shi-keng
17 Juni

Jo-han,

Imefika juzi. Nimeisoma mara moja nikiwa nimesimama, na mara ya pili nikiwa nimekaa chini sakafuni.

Sijamwambia Tseng. Usidhani ni kwa ajili yako peke yako. Nimewaambia watu wote wa kijiji hiki kwamba mwanangu anauchungulia mlima. Nimesema sokoni, hekaluni, makaburini. Nikifungua mdomo nitaanzia wapi? Barua nimeiweka chini ya chetezo cha uvumba mbele ya baba yako, na kila nikiwasha uvumba naona ananitazama kwa jicho lile la "haya, sasa?"

Mvua ikinyesha nachukua birika la chai naenda ofisini, nakaa mbele ya skrini. Tseng anasema, "Bi Fan, umekuja tena kumwangalia mtoto?" Namwambia ndiyo. Anacheka. Ninachokiangalia ni ile hesabu. Juzi mvua ilikuwa ndogo, ikaandika tatu, nne, tatu. Kila inapochelewa kidogo, nasimama kuchungulia dirishani.

Mimi sisikii king'ora hata kikilia, unajua. Nikiwa kitandani mlima ukashuka, ni sawa tu kwangu king'ora kiwe kizima au kibovu. Lakini wengine wanakitegemea. Hsu, na kiuno chake. Wamelala wamekiamini, kwa sababu yangu.

Usingoje mkutano.

Mama


Fukuoka
8 Julai

Mama,

Sijui barua hii itapita wapi. Kwenye habari wanaonyesha daraja la chini ya Shi-keng halipo. Wanaonyesha matope, kisha wanaonyesha hali ya hewa ya Tokyo.

Barua yako ya tarehe kumi na saba ilinifikia tarehe mbili. "Usingoje mkutano." Nikangoja siku mbili zaidi. Tarehe nne tufani ilipogeuka kuja kwenu nikampigia Tseng, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga mara thelathini. Tarehe tano asubuhi ikawa haiiti kabisa. Nikampigia Mzee Ku nikamwambia yote. Nilidhani atafoka. Nikasikia anavuta kiti. Akasema, "Rudisha ukurasa. Kisha tutatafuta nani anao."

Adhuhuri ukawa umerudi. Ukurasa wangu wa kosa uko mahali pake na jina langu, historia zile mbili zimeunganishwa, na juu yake kuna sahihisho. Kipima kikinyamaza, king'ora kilie. Mwisho wa maelezo tunaandika jina la aliyegundua tatizo. Nimeandika: "Mstari mwekundu uliripotiwa na Fan Kuei-mei wa Shi-keng." Ukurasa uliporudi, nakala zilizokwama zikaweza kupokea tena. Zinapokea asubuhi. Lakini mtandao wenu ulikatika asubuhi hiyo hiyo, masaa matatu kabla. Ningefanya siku moja mapema. Siku moja, Mama. Ningefanya Februari.

Ruhusa ya kazini nimepata, ndege hazitui. Mama mdogo hajui lolote. Niandikie chochote. Andika hata namba tu, hata mstari mmoja wa kunitukana.

Jo-han


Ukumbi wa shule, Shi-keng
19 Julai

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo ili upumue. Barua hii inabebwa na askari anayevuka kwa daraja la kamba, usishangae ikiwa na matope.

Tarehe tano mvua ilianza kabla ya alfajiri. Kufika saa nne sikuuona mwembe wa jirani, nikajifunga plastiki nikaenda ofisini na birika langu. Mtandao ulikuwa umekatika, lakini kipima kina waya wake, na skrini ilikuwa inaandika thelathini, thelathini na nne, arobaini; king'ora kinangoja hamsini. Saa sita na nusu ikaandika sifuri. Nikafuta miwani. Dakika kumi baadaye, sifuri tena. Maji yanashuka kwenye paa kama mtu anamwaga pipa, na mashine inasema sifuri, kijani kabisa, imetulia.

Nikamwambia Tseng, "Tuondoe watu." Akatazama skrini. "Bi Fan, king'ora hakijalia. Mashine inasema hamna kitu. Si wewe uliyetuambia inauona mlima mzima?"

Alisema bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililonichoma, alikuwa ananinukuu mimi.

Walikuwamo watu kama kumi, wamekuja kuuliza habari, na Hsu amekalia kiti cha mwenyekiti. Nikaenda mezani nikaitoa ile pakiti ya kijani, mstari mwekundu ukaonekana. Nikasema, na unajua sauti ya kiziwi haina kunong'ona: "Sifuri hii ni ya mwanangu. Amekosea. Kipima kikifa, mashine inasema hakuna mvua. Yeye ameniandikia, na mimi nimekaa na barua siku ishirini kwa sababu niliona haya."

Kimya. Mimi hata kimya nakiona, midomo yote imesimama.

Hsu akasema kitu. Nilimsoma midomo: "Ala! Leo mwanao si profesa tena?" Nikamwambia, "Leo ni mtoto aliyekosea. Inuka, tutagombana shuleni."

Tseng alitoka kwenye kibaraza akatazama mfereji. Maji yalikuwa yamepungua, Jo-han. Katika mvua ile, mfereji umepungua. Sisi wa mlimani tunajua maana yake, kwamba juu kuna kitu kimeziba na kinajaa. Akarudi uso umekuwa kama karatasi, akakamata king'ora cha zamani cha kuzungusha kwa mkono, akazungusha mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Sikukisikia. Niliwaona tu watu wakitoka milangoni.

Nilipita nyumba za juu nikigonga kwa mfuniko wa sufuria. Wengine walinifukuza. Mzee Lo akasema mashine haijasema. Nikamwambia, "Mashine nimeizaa mimi, nakwambia toka!" Akatoka. Hsu aliteleza kwenye ngazi za hekalu, nyonga ikavunjika. Wanawake wanne tukambeba juu ya mlango uliong'olewa, anatutukana njia nzima.

Mlima ulishuka saa tisa kasorobo. Niliuhisi kwa miguu kabla ya wengine kuusikia, sakafu ya shule ilitetemeka kama ile ya kiwanda. Nyumba sita zimekwenda. Yetu ni mojawapo. Picha ya baba yako, chetezo, barua zako, karatasi yako, kuku. Watu arobaini na watatu tulihesabiwa, tukahesabiwa tena kwa sababu Tseng hakuamini, wote tupo.

Tseng hakusema nami neno mpaka juzi. Alileta wali, akakaa. Akasema, "Siku ishirini, Bi Fan." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Mjukuu wangu alikuwa amelala chini ya mteremko ule siku zote ishirini." Akala wali wake akaondoka. Sijui kama itapona. Lakini asubuhi wanajeshi walipouwasha mtandao, ni yeye aliyeniita. Mstari mwekundu umeondoka. Juu kabisa kuna ukurasa mpya, na chini yake jina langu, nililojifunza kuliandika uzeeni. Akauliza kwa vidole kama nataka achapishe. Nilikataa. Usicheke, safari hii nilikataa.

Hsu, alipokuwa anapakiwa kwenye helikopta, alinivuta kola akanitamkia polepole nisome: "Kwa mwanangu, angalau meno yakiporomoka yanaporomoka moja moja." Basi nikajua atapona.

Sasa nisikilize. Hukunichana mimi, na mimi sikuchani. Ukurasa wako ukae hapo hapo na kosa lake na jina lako, na wajukuu wako wausome. Kama kampuni itakufukuza, njoo, kuna matope ya kuzoa miaka mitatu.

Lakini silali. Unasema hujui ni vijiji vingapi vingine. Vile ambavyo mtandao wao haujafika, au mashine yao mtu ameizima isitafute kurasa mpya kwa kuchoshwa na mstari mwekundu. Wanajeshi wanasema tufani nyingine imeshapewa jina. Kila nikifumba macho naona ofisi nisiyoijua, pakiti ya kijani mbele ya skrini, na mvua.

Kwa hiyo nimemwomba mwalimu orodha ya vijiji vyote vilivyo chini ya miteremko, kuanzia hapa mpaka kusini. Ni vijiji mia mbili na sita. Mzee Ku anawapigia, najua, lakini kwenye tufani simu zinakufa, na barua iliyoshawekwa mfukoni haifi. Darasa letu zima linaandika, wanawake kumi na saba, tumekalia magodoro ya ukumbi. Mwalimu amesema ni zoezi la imla, anakagua kila herufi. Leo tumemaliza tisini. Maneno nimetunga mimi, uyaone kabla hayajafika mbali:

"Kwa mwenyekiti nisiyemfahamu. Ondoa chochote ulichoweka mbele ya skrini yako, utazame chini. Ukikuta mstari mwekundu, mashine yako itasema sifuri siku mlima utakaposhuka. Isiamini, watoe watu. Ukurasa wenye kosa umeandikwa na Peng Jo-han, na uliosahihisha umeandikwa na yeye pia. Jina lake utaliona mara mbili. Mimi ni mama yake."

Fan Kuei-mei